Herufi zenye mawimbi: kisa cha mwalimu wa darasa la kwanza aliyetetemeka mikono

Kisa hiki ni cha Moshi. Mhusika amekisoma na kuridhia kitolewe. Umri, kata na miezi vimesogezwa kidogo ili asitambulike, ila mambo ya tiba yameachwa yalivyokuwa. Nitamwita Mwalimu, maana ndivyo kila mtu anavyomwita. Ninaandika kama daktari wa kituo cha afya, si bingwa wa mishipa ya fahamu, na nimekichagua kisa hiki kwa sababu katikati yake mimi mwenyewe nilikosea.

## Usuli

Mwalimu ana miaka 55. Karibu miaka 30 amefundisha shule ya msingi, na sehemu kubwa ya hiyo darasa la kwanza, kule ambako mtoto hushikwa mkono aumbe herufi "a" kwa mara ya kwanza. Anaishi mjini na binti yake. Kihamba cha wazazi, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kiko mlimani, kaka yake ndiye anayekitunza, na kila Desemba ukoo mzima hupanda huko.

Mikono ilianza kumtetemeka miaka minane au tisa iliyopita, kwa hesabu yake. Mwanzoni ilikuwa kikombe cha chai tu, tena asubuhi kabla hajala. Baadaye ikawa kijiko cha supu, halafu uzi na tundu la sindano. Alizoea. Akimiminiwa chai alisema "nusu tu, mwanangu", watu wakadhani anaogopa sukari. Kanisani aliacha kwenda Meza ya Bwana, kwa sababu kile kikombe kidogo kingemwagika kabla hakijafika mdomoni mbele ya usharika wote. Hili hakumwambia mtu, na usharika ukajaza maelezo yake wenyewe.

Marehemu baba yake alitetemeka vilevile. Wazee waliomjua walisema mbege, pombe ya ndizi, ndiyo iliyomharibu. Mama mtu alikuwa na usemi wake wa nyumbani kuhusu mumewe na kata, kile kibuyu cha kunywea mbege: "Kata ya kwanza atamwaga, ya pili hatamwaga." Watoto walicheka, na neno likabaki mzaha wa ukoo kwa miaka 40. Nitalirudia baadaye, maana ndani yake mlikuwa na nusu ya utambuzi wa ugonjwa.

## Kilichotokea

Kati ya Julai na Septemba ya mwaka ule mikono ilibadilika ghafla. Kilichokuwa kero kikawa kizuizi. Benki, karani alimrudishia fomu mara tatu kwa kuwa saini haikufanana na ile ya kwenye kompyuta. Mara ya nne akaombwa kitambulisho cha taifa na barua ya mwajiri. Ubaoni chaki ilikatika mkononi.

Kisha akaja mzazi shuleni na daftari la mwanawe. Mtoto aliandika vizuri, herufi zimekaa juu ya mstari, ila kila mkia wa "y" na "g" ulikuwa na mawimbi, kama nyoka anayekimbia. Mzazi alitaka kujua mtoto ana tatizo gani. Mwalimu mkuu aliomba madaftari mengine kumi, na mengi yalikuwa na mawimbi yaleyale. Watoto hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa wamenakili kwa uaminifu kilichokuwa ubaoni.

Mwalimu aliniambia kwamba miaka yote hiyo hakulia ila siku ile.

Maneno yakaanza: Mwalimu anakunywa. Na hapa kuna jambo gumu kulisema, lakini ameruhusu niliseme. Kwenye sherehe moja ya kumuaga bi harusi, miezi michache nyuma, alikuwa amekunywa glasi moja ya mvinyo, na kwa saa mbili mikono ikatulia kama ya msichana. Tangu siku hiyo alibeba kichupa mkobani, na siku ambazo mkaguzi alitarajiwa alipiga funda mbili kabla ya kipindi. Kwa hiyo siku mkono uliposhika chaki bila kutetemeka, ndiyo siku mwalimu mwenzake aliposikia harufu.

Binti alimpeleka hospitali. Aliyempokea aliiangalia mikono, akasema "hii ni Parkinson", yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na polepole ya mwili, akaandika vidonge vya benzhexol vya miligramu 2, kimoja mara tatu kwa siku. Kwa maelezo ya Mwalimu mazungumzo yote hayakufika dakika tano. Nyumbani binti alitafuta neno lile kwenye simu, na usiku huo hakuna aliyelala.

Ndani ya mwezi mdomo ulikuwa mkavu, choo kigumu, macho hayaoni vizuri maandishi ya karibu, na mbaya zaidi akaanza kusahau majina ya wanafunzi. Familia ilisoma dalili hizi kuwa ni ugonjwa unaopanda kichwani. Ilikuwa ni dawa. Vidonge vya jamii hiyo hukausha mate, hufunga choo na hutia ukungu katika kumbukumbu, hasa kwa mtu aliyekwisha kuvuka umri fulani.

Bima ilikubali picha ya ubongo kwa mashine ya CT. Ikaja safi. Ungetarajia picha safi ilete ahueni, lakini wifi yake alisema neno ambalo nimelisikia mara nyingi sana chumbani kwangu: kama mashine haioni, basi si la hospitali. Ukaanza mwezi wa maombi, na mjomba mmoja akakumbusha kwamba baba mtu aliwahi kugombania mpaka wa shamba.

## Tulichoamua na kwa nini

Walifika kwetu Februari, mama na binti. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, daktari. Mwenzio nimekuja na mikono yangu."

Siku ya kwanza niliacha kuitazama mikono na nikaanza na swali moja: inatetemeka wakati gani? Ikiwa imelala mapajani, au ikiwa inafanya kazi? Alifikiri kidogo, akasema mapajani hutulia, ndiyo maana kanisani huketi ameifumbata. Nilimwomba aiweke juu ya mapaja, ahesabu kutoka 100 kurudi nyuma akitoa saba saba, ili akili iwe kwingine. Ikatulia. Nikamwomba ainyooshe mbele, nikaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza, pande zote mbili. Nikampa bilauri mbili, amimine maji kutoka moja kwenda nyingine. Tulipangusa meza. Nikamwomba achore mviringo unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama konokono. Mstari ulikuwa na meno kama msumeno, lakini mkubwa na wenye kujitanua.

Kisha nilitafuta yale ambayo Parkinson huja nayo. Viwiko havikuwa vigumu nilipovikunja. Vidole viligongana haraka bila kuchoka. Koridoni alitembea kwa hatua za kawaida, mikono yote miwili ikipunga, akageuka kwa wepesi. Uso ulikuwa na kila hisia, mojawapo ikiwa kunichoka.

Nilichukua kipimo cha homoni za tezi ya shingo na cha sukari. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono kwa mtetemo mwembamba wa haraka, pamoja na moyo kwenda mbio, jasho na kukonda. Niliuliza kama ana presha, sukari au moyo. Hapana. Niliuliza anatumia dawa gani. "Hii hii benzhexol tu." Niliandika jibu hilo kama lilivyo, nikampangia kuipunguza taratibu badala ya kuikata siku moja.

Siku ya pili, wiki mbili baadaye, vipimo vilikuwa vya kawaida na majina ya wanafunzi yalikuwa yameanza kurudi. Nilimuuliza kuhusu pombe. Macho yakaenda sakafuni. Nikabadilisha swali: "Mwalimu, siulizi kama unakunywa. Nauliza, ukionja, mikono inakuwaje?" Kichupa kikatoka mkobani, kikawekwa mezani. Na baada ya kichupa, ikatoka kata ya kwanza na kata ya pili ya marehemu baba yake.

Kutetemeka kwa mikono yote miwili wakati wa kazi, kwa miaka mingi, kwa mzazi na kwa mtoto, kunakotulia kwa kiasi kidogo cha pombe: huo ni mtetemeko wa kurithi. Nauita hivyo kwa wepesi wa lugha, kwani si kila mwenye nao amerithi, lakini wengi husimulia mzazi au ndugu. Ni tofauti na Parkinson, na wala si matokeo ya pombe. Mzee yule hakutetemeka kwa sababu alikunywa mbege. Huenda mbege ilikuwa dawa pekee aliyoipata.

Nikafurahi mno. Furaha ya daktari aliyepata jibu ni kitu cha kuogopa. Niliandika propranolol, dawa inayotumika sana kwa mtetemeko huu, nikawaaga. Dada anayetoa dawa dirishani alimsikia Mwalimu akikohoa, akamuuliza kama kikohozi ni cha siku nyingi. "Ni pumu tu ya kawaida, mwanangu, nimezaliwa nayo." Dada akanirudishia cheti bila maneno mengi.

Propranolol hubana njia za hewa. Kwa mwenye pumu inaweza kumpeleka chumba cha dharura au mbali zaidi. Nilikuwa nimeuliza presha, sukari na moyo. Pumu sikuitaja, na yeye hakuihesabu kuwa ugonjwa, kama mtu asivyohesabu kipilipili kuwa ugonjwa wa nywele. Nilimfuata kwenye benchi, nikamweleza kosa langu, nikamwomba arudi na vitu viwili: dawa zote zilizomo nyumbani, hata zile asizoziona kuwa dawa, na chochote alichokiandika kwa mkono wake miaka ya nyuma.

Siku ya tatu binti aliingia amebeba kaunta buku tisa. Mwalimu huyu ametunza maandalio ya masomo tangu 2011 katika sanduku la bati, kwa hofu ya wakaguzi. Sijawahi kuona jalada la mgonjwa zuri namna ile. Mwandiko wa 2011 ulikuwa wa kuweka kwenye fremu. Mwaka 2016 mikia ya "g" ilianza kutikisika. Mwaka 2019 mtikisiko ulionekana kwa macho ya mtu yeyote, na miaka mitatu iliyofuata uliongezeka kidogo kidogo. Herufi hazikuwa zimepungua ukubwa hata kidogo. Katika Parkinson mwandiko mara nyingi husinyaa, mstari ukielekea mwisho unakuwa mdogo kama unaomba radhi. Wa Mwalimu ulitanuka.

Lakini lililotushika lilikuwa jingine. Miaka yote hiyo ilikuwa mteremko mpole. Halafu, katika buku la mwisho, kati ya kurasa za mwanzo wa Julai na za Agosti, kulikuwa na ngazi. Mwandiko ulishuka ghafla ndani ya wiki nne. Mtetemeko wa kurithi hauna haraka namna hiyo. Nikauliza: Julai ile kulianza nini?

Mwalimu alikumbuka baridi. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya mji, kifua kikabana, na vumbi la chaki likaongeza. Binti ndiye aliyesema: "Mama, si ndipo ulipoanza vile vya kifua?" Kutoka kwenye mfuko wa dawa akatoa bahasha ndogo ya khaki, imeandikwa kwa kalamu: salbutamol 4 mg, 1×3. Ilinunuliwa duka la dawa bila cheti, na ilipoisha ikanunuliwa tena, miezi saba mfululizo. Usiku wa kubanwa aliongeza kimoja.

Salbutamol hufungua njia za hewa, na hapo hapo huchokoza misuli ya mikono. Kutetemeka ni kero yake inayojulikana sana. Mpulizo mmoja wa pampu hutoa mikrogramu 100, kikielekezwa moja kwa moja kifuani panapohitajika. Kidonge cha miligramu 4 ni sawa na mipulizo 40 kwa uzito, na chote hupita tumboni na kuzunguka mwili mzima. Mtu mwenye mikono mitulivu angehisi mtikisiko kidogo. Mwalimu alikuwa tayari na mtetemeko wake, na vidonge vikaongeza wa kwao juu yake, mara tatu kwa siku.

Tuliamua mambo matatu kwa pamoja na familia. Vidonge vya salbutamol viachwe mara moja, badala yake apewe pampu ya kinga yenye beclomethasone, asubuhi na jioni, na pampu ya salbutamol iwe ya siku za kubanwa tu. Dada wa dirishani alitumia nusu saa kumfundisha kuvuta hewa sambamba na mpulizo. Kupunguzwa kwa benzhexol kumalizwe. Kichupa kibaki nyumbani kwanza, tuone. Sikumtisha, lakini nilimweleza kwamba pombe ikipungua mwilini mtetemeko hurudi na nguvu, na mtu hujikuta anaongeza funda kila mwezi.

## Matokeo

Wiki sita baadaye mviringo wake ulifanana na mwandiko wa 2022. Haukuwa wa 2011. Nilikuwa nimemwonya, hata hivyo niliona amevunjika moyo kidogo; alikuwa ametumaini mikono mipya.

Pumu ilitulia kuliko miaka mitano ya nyuma, jambo ambalo hakulitarajia kabisa. Tulizungumza dawa ya mtetemeko uliobaki. Propranolol imefungwa kwake. Primidone hatukuipata kirahisi katika maduka tuliyouliza. Topiramate ingewezekana, lakini yaweza kupunguza wepesi wa kufikiri na kutafuta maneno, na mtu aliyetoka tu kwenye ukungu wa benzhexol alisema hapana kabla sijamaliza sentensi. Nilikubaliana naye.

Kwa hiyo hatumii dawa yoyote ya mikono. Kalamu yake ameizungushia kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, ikawa nene na nzito. Chai anainywa kwenye kikombe chenye mfuniko. Ubaoni huegemeza kiwiko, na herufi za mfano zimechorwa na mwalimu mwenzake kwenye manila kubwa. Watoto wananakili kutoka hapo. Benki alibadilisha saini, akachagua fupi isiyo na mikia.

Mwalimu mkuu alipewa barua yenye mistari minne. Mwalimu ndiye aliyeamua kiandikwe nini: kwamba ana mtetemeko wa mikono usiotokana na kilevi, na kwamba anaweza kazi. Maneno ya watu hayajaisha. Kwa baadhi yao barua ya daktari ni uthibitisho kwamba kuna jambo.

## Uchambuzi

Hofu ya Parkinson haikuwa ya kijinga. Ugonjwa upo kwetu, na mara nyingi haujulikani: watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, jirani kabisa na hapa, katika kazi iliyochapishwa 2008, waliwakuta watu 33 wenye Parkinson kati ya wakazi wapatao 161,000, na walio wengi walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Kwa hiyo anayesema "huku hakuna Parkinson" anakosea. Kosa la kisa hiki lilikuwa kinyume chake, kudhani kila mkono unaotetemeka ni Parkinson. Ule wa Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja, huonekana mkono ukiwa umepumzika, kama mtu anayesokota tonge dogo kwa kidole gumba, na huja na uzito wa viungo na polepole ya mwili. Kutenganisha hivi viwili kunataka kiti, karatasi, bilauri mbili na koridoni. Picha ya CT haiwezi kuthibitisha wala kukanusha chochote kati yake. Ilifaa kuondoa mengine, lakini ilitolewa bila maelezo hayo, na ukimya ule ukajazwa na mpaka wa shamba.

Kilichofanikiwa zaidi hakikuwa akili yangu. Kilikuwa kaunta buku na binti mwenye kumbukumbu. Tangu hapo kila anayekuja na mikono namuomba kitu alichoandika zamani: daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, kitabu cha madeni ya duka, hata bahasha za michango ya harusi. Mgonjwa hukumbuka mwanzo wa ugonjwa kwa hisia, karatasi hukumbuka kwa tarehe.

Swali la pombe lilikuwa limeulizwa na watu wasiopungua sita kabla yangu, wote wakiwa wameshikilia jibu. Lilipoulizwa kama swali la mikono, lilijibiwa. Ningependa kusema nililipanga hivyo. Ukweli ni kwamba niliona aibu yake nikatafuta mlango mwingine.

Na upande wa makosa, cheti cha propranolol ni changu. Sababu yake naiona sasa: nilikuwa na orodha ya magonjwa kichwani, na nikadhani ukimya nje ya orodha ni afya. Vivyo hivyo kwa dawa. "Unatumia dawa gani?" kwa watu wengi wa hapa humaanisha "ulizoandikiwa na daktari". Vya kifua, vya maumivu ya mgongo, unga wa mizizi, chai ya mchaichai, hivyo havimo. Mfuko mzima mezani, umwagwe, ndipo mazungumzo yaanze. Vidonge vingine vinavyotetemesha mikono ningevipata kwa njia hiyohiyo: sodium valproate ya kifafa, amitriptyline, lithium. Tena kuna metoclopramide ya kutapika na baadhi ya dawa za akili, ambazo huweza kuleta kitu kinachofanana na Parkinson yenyewe hadi bingwa akadanganyika.

Sijui kama ningemwona mapema ningeepusha ile siku ya madaftari. Duka la dawa lingeweza, kwa swali moja tu: pumu yako inatibiwa wapi?

## Yaliyobaki

Mwalimu anarudi kila baada ya miezi minne. Tunachora konokono, tunaandika tarehe, tunaweka kwenye jalada. Nimemwambia ishara za kunirudisha mapema: mkono mmoja kutetemeka ukiwa umepumzika, mguu kuburuta, mwandiko kusinyaa.

Binti, miaka 27, aliuliza kama atarithi. Nilimwambia kwamba pale mtetemeko unapopita wazi kutoka mzazi hadi mtoto, kila mtoto ana nafasi inayokaribia nusu, na kwamba walio nao wengine hawatambui mpaka uzeeni. Alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Kaka wa mlimani tumemwita mara mbili. Hajaja. Ametuma salamu kwamba mikono yake haina shida yoyote, ni vile vikombe vya siku hizi tu ndivyo vyepesi mno.